Ubavu wa mashua umetoka mawimbi kwenye kompyuta: tatizo ni vipimo au uchoraji?

Swali

Assalamu alaikum mwalimu, na shikamoo. Babu yangu aliunda mashua hapa Nungwi alipokuwa bado na nguvu zake. Sasa imepandishwa mchangani, haitashuka tena majini, na jamaa wanataka kuipasua kuni. Nimeomba waniachie kwanza niipime ili umbo lake libaki, na Mungu akijaalia niunde nyingine. Urefu kwenye mstari wa maji ni mita 8. Nimegawa vituo 9, kila mita moja kituo, kuanzia 0 kule omo (mbele) hadi 8 kwenye tezi (nyuma), nikapima nusu upana kwa kila kimo. Kwa mfano, kwenye kimo cha milimita 600 nimepata hivi, kwa milimita: 0, 412, 694, 897, 1023, 1062, 1052, 959, 797. Nimeziingiza kwenye Rhino, programu ya kuchorea maumbo, nikapitisha mstari katika kila nukta, kisha nikafunika uso juu yake. Umetoka na mawimbi kama bati, na mashua ya babu haiko hivyo. Je, nipime upya kila sentimita 20? Rafiki yangu ananiambia niachane na tepu, nipige picha kwa simu, programu itamaliza kila kitu. Na mwisho, nitajuaje ilikuwa inabeba uzito gani?

Jibu

Waalaikum salaam, marahaba kijana wangu. Ahsante kwa kuwazuia wenye shoka. Vyombo vingi vya pwani yetu vimeundwa bila karatasi ya mchoro, fundi akipima kwa jicho na mkono, kwa hiyo chombo kikipasuliwa mchoro wake wote unakwenda nacho. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, ulitoweka baharini mwanzoni mwa karne ya 20, na leo tunaujua kwa picha, maelezo na vielelezo vidogo. Unalolifanya wewe lina maana kubwa, basi tulifanye sawasawa.

Usipime kila sentimita 20. Angalau si sasa. Nitakuonyesha kwamba ukifanya hivyo mawimbi yatazidi. Vipimo vyako kwa jumla ni vizuri, vizuri kuliko unavyodhani. Kilichokuharibia kazi ni kuilazimisha programu ipite katika kila nukta. Kila kipimo kina hitilafu yake ndogo: tepu imelegea, kidole kimefunika alama, ubao una nundu ya kalafati, kamba ya timazi imesukumwa na upepo. Mstari unaotii kila nukta unatii na hitilafu zote.

Chukua kalamu tuzikague namba zako zenyewe, maana hapa ndipo pa kujifunzia. Toa kila namba kwenye ile inayoifuata. Utapata: 412, 282, 203, 126, 39, −10, −93, −162. Hizi zinakuambia ubavu unapanuka au kupungua kwa kiasi gani kila mita. Sasa rudia, toa kila moja kati ya hizi kwenye inayoifuata: −130, −79, −77, −87, −49, −83, −69. Hizi za pili ndizo zinazosema ubavu unakunjwa kwa ukali gani. Namba ya kwanza, −130, usiitilie shaka; hapo ndipo mbao zinapokimbilia omo, na mkunjo huwa mkali. Lakini tazama katikati. Zinakwenda taratibu, −79, −77, halafu ghafla −87, −49, −83, kisha zinatulia −69. Ubao wa mashua haukunjwi hivyo. Fundi hawezi kuupinda ubao wa mita tano ukaze, ulegee, kisha ukaze tena ndani ya mita mbili, hata akiuloweka na kuubana vipi.

Mruko wa namna hiyo una alama yake. Nukta moja ikikosewa, tofauti ya pili ya pale pale huharibika mara mbili ya kosa, na za majirani zake wawili huharibika mara moja kwa upande wa pili. Ungetegemea uone kama −75, −73, −71. Umepata −87, −49, −83. Yaani pungufu ya 12, zidio la 24, pungufu ya 12. Kosa liko kituo cha 5, na ni milimita 12: kipimo kimetoka chembamba kuliko majirani zake wanavyotaka.

Unaweza kuhakiki kwa njia nyingine, na hii iandike kwenye daftari kwa sababu utaitumia mara nyingi. Kukisia nukta kutokana na majirani zake wanne, zidisha majirani wawili wa karibu kwa 4, jumlisha, toa majirani wawili wa mbali, kisha gawanya kwa 6. Kwa kituo cha 5: mara nne ya 1023 ni 4092, mara nne ya 1052 ni 4208, jumla 8300. Toa 897 na 959, inabaki 6444. Gawanya kwa 6, unapata 1074. Wewe uliandika 1062. Ndizo zile milimita 12.

Sasa turudi kwenye sentimita 20. Katika eneo hilo, kwa vituo vya mita moja, tofauti ya pili ya kweli ni kama milimita 73. Kosa la milimita 12 likaitikisa kwa 24. Mstari ukakunjika vibaya lakini ukabaki umeelekea upande wake. Ukipima kila sentimita 20, umbali umekuwa moja ya tano, na tofauti ya pili hupungua kwa mraba wa hiyo, yaani inakuwa moja ya ishirini na tano: milimita 3 hivi. Lakini mkono wako na tepu yako havikubadilika. Bado unaweza kukosea milimita 12, na kosa hilo bado linaleta 24. Kwenye mkunjo wa milimita 3, kosa la 24 halitikisi tu, linaugeuza mstari uingie ndani pale ambapo ubao umetoka nje. Hapo utapata bati kweli kweli. Vipimo vya karibu karibu ni vizuri kwa kuhakikisha, na kule omo ambako umbo linabadilika upesi ni lazima uongeze vituo vya nusu mita. Ila huwezi kuviunganisha vyote kwa mstari mmoja unaopita kila mahali.

Mafundi wa meli waliijua shida hii kabla ya kompyuta. Walikuwa wakitandaza mchoro mkubwa sakafuni, wakichukua ufito mwembamba ulionyooka, wakaubana kwenye nukta kwa vyuma vizito vya risasi. Ufito ukiachiwa huchagua wenyewe njia ya kupindika inayoutesa kidogo kabisa. Halafu wanafanya jambo ambalo wewe hukulifanya: wanainua chuma kimoja kimoja. Ufito ukiruka baada ya chuma kuinuliwa, nukta ile ilikuwa inaulazimisha, nayo inatiliwa shaka. Usiporuka, nukta ni njema. Hesabu ya mistari inayotumiwa na programu zetu imezaliwa kutokana na ufito huo. Isaac Schoenberg aliiandika kihesabu mwaka 1946, na miaka ya mwisho ya 1950 na ya 1960 Paul de Casteljau akiwa Citroën na Pierre Bézier akiwa Renault wakaunda njia ya kuvuta mkunjo kwa nukta chache zinazokaa nje ya mstari wenyewe. Bézier na mwenzake walikuwa na shida ya mabodi ya magari, lakini dawa yao inatufaa sisi wa baharini moja kwa moja. Ile hesabu ya kukisia niliyokuonyesha ndiyo kuinua chuma, kwa kalamu.

Kabla ya kuigusa kompyuta tena, nenda kwenye mashua. Tafuta ufito wa mbao usio na kifundo, wenye urefu wa mita nne na ushee, unene wa sentimita moja. Uweke ubavuni kwa kimo kile cha 600, kuanzia kituo cha 3 hadi cha 7, mtu mmoja ashike kila ncha na wengine wawili waubane kwenye kituo cha 4 na cha 6, ila wasiubane kwenye cha 5. Chungulia kwenye kituo cha 5. Ukigusa ubavu kote, tepu ndiyo iliyokosea. Pima upya, uandike kipimo kipya pembeni ya kile cha zamani bila kukifuta. Ukiona mwanga wa upana wa kidole kati ya ufito na ubao, basi mashua yenyewe imebonyea pale. Huenda ubao ulibadilishwa, au taruma, mbao ya ndani inayoushika ubavu, limeoza likalegea, au ilikaa miaka mingi imeegemea gogo upande huo. Na hapo itakubidi uamue unachotaka kuhifadhi: mashua kama ilivyo leo, au mashua aliyoikusudia babu. Kwa kuwa unataka kuunda nyingine, mimi ningechora ile ya babu, na ningeweka jedwali la vipimo vya leo kando likiwa zima. Babu kama yupo na anaweza kuzungumza, mpeleke pale ukamuulize. Huenda akakumbuka ubao ule ulivyokuja.

Pima pande zote mbili. Hukunieleza kama umefanya hivyo. Chombo cha zamani hakina ubavu wa kulia unaolingana na wa kushoto, na wastani wa pande mbili hukukaribisha kwenye umbo la asili kuliko upande mmoja. Pitisha pia uzi uliokazwa kutoka omo hadi tezi kando ya mkuku, boriti ya chini kabisa ya mashua, upime umbali wa mkuku na uzi kila kituo. Mashua zilizokaa sana mara nyingi ncha zake mbili zimeshuka na katikati ya mkuku pameinuka. Usipolijua hilo, vimo vyako vyote vitakuwa vimepimwa kutoka kwenye msingi uliopinda. Kwa usawa wa vimo tumia mpira wa maji wa waashi. Ni wa bei ndogo na haudanganyi. Na kwa kila kituo, zungusha tepu ubavuni kutoka mkuku hadi ukingo wa juu, uandike urefu wa mzunguko huo. Baadaye, mchoro wako wa kituo kile ukitofautiana na urefu huo kwa zaidi ya sentimita moja, utajua umekosea mahali kabla hujafika mbali.

Sasa kompyuta. Fungua faili mpya. Ingiza nukta zako zote katika safu yake, uifunge isiguswe, nukta ziwe za kutazamwa tu. Anza na mistari minne inayoamua kila kitu: ukingo wa juu, mstari ambao ubao wa chini kabisa unaungana na mkuku, mstari wa omo, na ukingo wa ubao wa tezi. Kwa ukingo wa juu tumia mstari wa daraja la 3 wenye nukta za kuongoza 5, au 6 ukiona haufiki. Usizidishe. Hizo nukta hazikai juu ya mstari. Zinauvuta kwa mbali, na kwa kuwa ni chache, mstari hauna nafasi ya kutengeneza mawimbi hata ukitaka. Zisogeze mpaka mstari upite karibu na vipimo, baadhi kidogo juu, baadhi kidogo chini. Kama vipimo vyote viko nje ya mstari upande mmoja katika sehemu fulani, mstari haujafika. Ongeza nukta moja hapo. Vikiwa vinapishana, huku milimita 4, kule milimita 5, acha. Hiyo ni hitilafu ya tepu na haistahili kuchorwa.

Washa kipimo cha mkunjo, Rhino inakiita CurvatureGraph. Kitasimamisha vijiti juu ya mstari, virefu pale mkunjo ulipo mkali, vifupi pale ulipolegea. Ncha za vijiti ziende kwa utulivu. Vikipanda na kushuka mara tatu nne kwenye ubavu mmoja, au vikihamia upande wa pili bila sababu, mstari ni mbovu hata kama kwa macho ya kawaida unaonekana safi. Kioo cha kompyuta kinadanganya sana: mashua ya mita 8 imebanwa kwenye sentimita 30, na wimbi la milimita 10 huwezi kuliona. Kuna mbinu ya zamani ya kulazimisha jicho lione: bana urefu mara nne au tano bila kugusa upana, kisha utazame mstari kwa ncha, kama fundi anavyofumba jicho moja kuchungulia ubao.

Uso wenyewe ujenge hivyo hivyo. Usifunike uso juu ya mistari tisa ya vituo ukitegemea utatulia wenyewe; kila kituo kitauvuta kwake, na ndilo bati ulilolipata. Anza na uso mmoja wa upande mmoja wenye safu 4 za nukta kwa urefu na 4 kwa kimo. Uvute ufike kwenye ile mistari minne. Utashangaa nukta hizo 16 zinavyokaribia mashua nzima. Ongeza safu ya tano, ya sita, moja moja, na kila ukiongeza, rekebisha mpaka utulie kabla ya kuongeza nyingine. Sijawahi kuona mashua ya kwetu iliyohitaji zaidi ya safu 7 kwa urefu. Kama tayari una uso wenye nukta tele, amri ya Rebuild itakupunguzia, lakini kuanza upya ni haraka kuliko kusafisha.

Kuna sehemu tatu ambazo huwapoteza wengi. Uso usiuzungushe kwenye mkuku. Pale ubao unapokutana na mkuku ni kona ya kweli, ikomeshe hapo, na mkuku uuchore kama kipande chake. Pia usiubane uso ukawa na ncha moja kule omo chini. Uso wa namna hii unataka pande nne, na ukikusanya upande mzima kwenye nukta moja utapata mikunyo isiyotoka. Upitishe mbele ya omo kwa sentimita kadhaa, kisha uukate kwa mstari wa omo. Na tezi vilevile: uso upite nyuma ya ubao wa tezi, ukatwe na bapa lililoinama kama ubao wenyewe ulivyoinama.

Ya tatu ni ya chini, karibu na mkuku, mahali panapokaribia kulala. Pale mteremko ni mdogo, tuseme unapanda sentimita 1 kila unapotoka nje sentimita 8. Ukikosea kimo kwa milimita 5 tu, nusu upana wako umehama milimita 40. Usihangaike kuitengeneza mistari ya mlalo sehemu hiyo, kwani itakuyumbisha siku nzima. Kata mashua kwa mshazari: bapa linaloanza katikati, juu, na kushuka nje kwa pembe ya digrii 45 hivi, likaukata ubavu karibu na pembe mraba. Mstari wa mshazari ndio unaofanana zaidi na njia ambayo ubao unapita, na ukitulia huo, mingine mingi inatulia nyuma yake. Kama ningeruhusiwa kutengeneza mstari mmoja tu katika mashua nzima, ningechagua huo.

Ukimaliza, kata uso wako upya kwenye vituo vile vile 9, usome namba, uziweke mbele ya vipimo vyako. Tofauti ya chini ya milimita 6 katika sehemu kubwa ni kazi njema kwa chombo cha mbao kilichopimwa mchangani. Palipo na zaidi ya hapo, andika kwa nini.

Kama Rhino ni ya majaribio na siku zake zinaisha, DELFTship ina toleo la bure linalotosha kwa kazi hii, na hesabu za maji zimo ndani yake. Yenyewe inatumia aina nyingine ya uso, wavu wa pembe nne unaolainishwa kwa kugawanywa, badala ya uso wa Rhino unaovutwa kwa nukta za kuongoza, unaoitwa NURBS. Kanuni haibadiliki: nukta chache kwanza. FreeCAD nayo ni ya bure, ila kwa kuvuta uso kwa mkono inachosha.

Rafiki yako wa picha za simu hajakosea, lakini anakuahidi zaidi ya kilichopo. Ukipiga picha nyingi kuizunguka mashua, kila picha ikirudia sehemu kubwa ya iliyotangulia, programu kama Meshroom, ambayo ni ya bure, itakupa wingu la nukta na wavu wa pembetatu. Hilo ni jambo kubwa, hasa kwa kuwa mashua yako inasubiri shoka: picha za asubuhi moja zinahifadhi mengi. Piga hata leo. Lakini kumbuka mambo haya. Picha hazijui ukubwa, kwa hiyo weka mbao mbili zenye urefu unaoujua, moja ubavuni na nyingine tezini. Programu inatafuta alama zinazotambulika kwenye picha. Chini ya mashua kulikopakwa deheni nyeupe hakuna alama yoyote, na wingu litatoboka pale pale. Chora misalaba na namba kwa mkaa, mingi, isiyofanana. Jua kali linalong'arisha ubavu uliopakwa mafuta ya sifa nalo linaharibu. Mawingu ni bora. Na magogo yanayoiegemeza mashua yatakuficha sehemu, kwa hiyo hapo tepu inabaki.

Zaidi ya hayo, wingu la nukta milioni ni vipimo milioni vyenye hitilafu zake. Si mchoro. Huwezi kuutoa ubao humo, na ukiuambia uso upite kote utarudi kulekule, mara hii mawimbi yakiwa madogo na mengi. Unalikata wingu kwenye vituo, unapata mistari ya kuongozwa nayo, halafu unafanya kazi niliyoieleza. Tumia vyote viwili, tepu ikiwa ndiyo ya kusuluhisha vikibishana.

Uzito sasa. Ukishapata uso, programu itakupa eneo la kila kituo lililo chini ya mstari wa maji. Jua jinsi linavyojumlishwa, usiwe unapokea namba tu. Tunatumia kanuni ya Simpson: zidisha maeneo ya vituo 9 kwa 1, 4, 2, 4, 2, 4, 2, 4, 1, jumlisha, zidisha kwa umbali wa vituo, gawanya kwa 3. Tuseme maeneo yametoka hivi, kwa mita za mraba: 0, 0.18, 0.42, 0.63, 0.74, 0.72, 0.56, 0.30, 0.05. Jumla baada ya kuzidisha ni 10.81, gawa kwa 3, unapata mita za ujazo 3.60. Maji ya bahari yana kilo 1,025 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo mashua ikielea kwenye mstari huo ina uzito wa kilo 3,690 hivi, pamoja na mlingoti, foromali, tanga na kila kilichomo. Namba zako ukizipata, weka hizo badala ya zangu.

Shehena inasomwa kwa njia nyepesi zaidi. Chukua nusu upana zako za kimo cha 600, kituo cha 5 kikiwa 1074, zipitishe kwenye kanuni ile ile kisha uzidishe mara mbili kwa pande mbili: mita za mraba 13.1. Kuizamisha mashua sentimita 1 zaidi kutoka hapo kunataka kilo 135 hivi. Watu kumi wa kilo 70 kila mmoja wataishusha sentimita 5 na kidogo. Ukiacha 1062 yako ya kwanza, eneo linabadilika kwa mita za mraba 0.03 tu, mzigo haujui tofauti. Ndiyo maana mtu anaweza kupata hesabu nzuri za uzito kutoka kwenye uso mbovu, akaja kugundua siku ya kukata mbao kwamba hazikai.

Kingine, uzito inaoweza kubeba bila kuzama na uzito inaoweza kubeba bila kupinduka ni mambo mawili. La pili linategemea mzigo umekaa juu kiasi gani, na uso wa kompyuta haujui. Mashua ya babu haitaelea tena, lakini utakayoiunda itaelea, na siku hiyo ijaribu kabla ya kupakia abiria. Maji yakiwa yametulia, bila upepo, kamba zikiwa zimelegezwa, ning'iniza timazi ndani yake, uzi wa mita 1.5. Hamisha mzigo wa kilo 60 kutoka katikati kwenda ubavuni mita 1, usome timazi imesogea milimita ngapi. Zidisha kilo 60 kwa mita 1 kwa mita 1.5, gawanya kwa uzito wote wa chombo uliozidishwa kwa msogeo wa timazi katika mita. Ikisogea milimita 30 kwenye chombo cha kilo 3,690, utapata mita 0.81, na hicho ndicho kimo cha uthabiti wake, yaani kipimo cha jinsi kinavyokataa kupinduka, kikiwa kitupu. Timazi ikisogea mara mbili ya hapo, uthabiti ni nusu. Rudia upande wa pili, na waliomo ndani wakae pale pale bila kujitikisa mpaka umalize kusoma.